Je, Wajua? Valvu Iliyokaa Kimya Ndiyo ya Kuogopwa

JE, WAJUA kwamba injini ya pikipiki ya mipigo minne ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila valvu yake hufunguka na kufunga mara 2,500 katika dakika hiyo hiyo? Endesha saa moja kwa mwendo huo, hesabu yafika mara 150,000. Kila inapofunga, valvu hujigonga kwenye kiti chake. Kila inapofunguka, shina lake hulisugua bushi linamopita. Basi mwenye Triumph, BSA au Honda ya miaka ya 1960 akifungua injini na kukuta vyuma vimelika, asishangae. La kushangaza ni kwamba vimedumu hadi leo.

Wajua kuwa kwenye pikipiki ya kwanza ya petroli valvu moja ilijiendesha yenyewe? Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliiunda Ujerumani mwaka 1885, injini yake ikiwa na ukubwa wa sentimita za ujazo 264. Valvu ya ekzosi ilisukumwa na mtambo, lakini ile ya kuingiza ilifunguliwa na mvuto wa pistoni inaposhuka, kisha kijispringi dhaifu kikairudisha. Mfumo huo ulifaa kwa injini ya polepole tu. Injini zilipoanza kuzunguka kwa kasi, ilibidi kila valvu isukumwe na kamu, na hapo ndipo vikaenea vipuri vyote tunavyovibadilisha leo: tapeti, pushirodi, roka, springi na bushi.

Wajua pia kuwa Vespa za zamani na BSA Bantam hazina hata kimoja kati ya hivyo? Ni injini za mipigo miwili. Pistoni yenyewe hufunika na kufunua matundu ya silinda. Fundi akikwambia Bantam yako inataka kuwekwa tapeti, tafuta fundi mwingine.

Triumph Bonneville, hata hivyo, ni darasa kamili. Ilitoka kwa ajili ya msimu wa 1959 ikiwa na silinda mbili na ujazo wa sentimita 649, na jina lake lilitokana na uwanda wa chumvi wa Bonneville huko Utah, Marekani, ambako pikipiki zenye injini za Triumph zilikimbizwa kutafuta rekodi za kasi. Asili ya injini yake ni Speed Twin aliyoichora Edward Turner, ikatangazwa mwaka 1937. Ndani yake mna kamshafti mbili, moja mbele ya silinda na nyingine nyuma, zote zikiwa chini ndani ya kasha la krankishafti. Ya mbele hushughulikia ekzosi, ya nyuma hushughulikia kuingiza. Kamu huinua tapeti, tapeti huinua pushirodi, pushirodi husukuma roka, na roka huikandamiza valvu. Hesabu sehemu zinazogusana kutoka kamu hadi valvu, utaona ni mahali pangapi panaweza kulika kabla hujafika kwenye valvu yenyewe.

Na nafasi inayoachwa kati ya roka na valvu ni ndogo kiasi gani? Kwa Bonneville ya 650, injini ikiwa baridi, ni elfu mbili za inchi upande wa kuingiza na elfu nne upande wa ekzosi, yaani takribani milimita 0.05 na 0.10. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1. Nafasi ya ekzosi ni karatasi moja; ile ya kuingiza ni nusu yake.

Hapa ndipo penye kosa linaloua injini nyingi nzuri. Watu huogopa kelele. Wakisikia tiki-tiki kutoka juu ya injini, hukaza skrubu za roka mpaka pawe kimya, wakaondoka wamefurahi. Lakini valvu yenye nafasi kubwa kidogo hupiga kelele tu, ikaongeza ulikaji wa taratibu. Valvu isiyo na nafasi haifungi sawasawa, na haisemi chochote mpaka siku injini itakapokosa nguvu. Kati ya hizo mbili, mimi nachagua ile inayosikika.

Kwa nini kutofunga kuwe hatari hivyo? Kwa sababu ya joto. Uso wa valvu ya ekzosi hupita nyuzi 700 za Selsiasi injini inapofanya kazi nzito. Sehemu kubwa ya joto hilo, kama robo tatu, hutoka kupitia kiti wakati valvu imefunga. Linalobaki hupanda kwenye shina na kutokea kwenye bushi. Valvu ikikosa kukaa kitini, hata kwa pengo dogo lisiloonekana, haina pa kupoa. Gesi ya moto hupenya palepale penye pengo, ukingo huanza kumomonyoka, na valvu huungua upande mmoja. Ukiitoa utaona mfereji uliochongwa na moto.

Ndiyo maana wahandisi walihangaika sana na valvu ya ekzosi. Wajua kuwa zipo valvu zenye shina lililo wazi ndani, likatiwa sodiamu? Sam Heron, mhandisi Mwingereza aliyefanya kazi Marekani, alihusika sana kuziendeleza katika miaka ya 1920 kwa ajili ya injini za ndege. Sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi 98 tu, kisha huchezacheza ndani ya shina na kubeba joto kutoka kichwani kulipeleka kwenye bushi. Ukishuku kwamba valvu uliyonayo ni ya namna hiyo, usiikate wala usiisage hadi ndani. Sodiamu ikikutana na maji hulipuka.

Wajua kuwa sumaku inaweza kukusaidia kutambua valvu? Valvu nyingi nzuri za ekzosi hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu chenye kromiamu nyingi na nikeli kiasi. Mchanganyiko mmoja maarufu una takribani asilimia 21 ya kromiamu na asilimia 4 ya nikeli. Chuma hicho hakivutwi na sumaku kama chuma cha kawaida. Valvu ya kuingiza, inayopozwa na hewa na petroli mbichi, mara nyingi ni ya chuma cha kawaida na sumaku huishika vizuri. Kumbuka tu kwamba baadhi ya valvu za ekzosi huungwa ncha au shina la chuma kingine, kwa hiyo jaribu kwenye kichwa chake. Na kwa kawaida ile yenye kichwa kipana zaidi ni ya kuingiza: hewa huingia kwa kusukumwa na kanieneo la nje tu, hali moshi hutoka kwa nguvu ya mlipuko, hauhitaji mlango mpana.

Moshi nao husema. Moshi wa bluu unaotoka unapowasha injini iliyolala usiku kucha, au unapoachia mafuta mteremkoni kisha ukavuta tena, mara nyingi humaanisha oili inapenya kwenye bushi za valvu zilizolika au sili zilizokauka. Moshi wa bluu usiokoma unapovuta mafuta kwa nguvu huelekeza zaidi kwenye ringi za pistoni. Kabla ya kufungua chochote, pima kompresheni. Ikiwa ndogo, mimina kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi, basi shida iko huko. Ikibaki palepale, shida iko juu, kwenye valvu. Jaribio hili ni la dakika chache na limewaokoa watu wengi na gharama ya kununua pistoni wasizozihitaji.

Je, wajua kuwa tundu la bushi haliliki kwa duara? Ncha ya roka haishuki wima. Husafiri kwa upinde, na ikiteleza juu ya shina hulisukuma pembeni kila mara. Baada ya miaka, tundu la bushi huwa na umbo la yai, refu kwa kufuata mwelekeo wa roka, na hupanuka zaidi kwenye miisho, juu na chini, kuliko katikati. Anayepima kwa upande mmoja tu, au katikati tu, ataambiwa na kipimo kwamba bushi ni zima. Pima pande mbili zinazokatana, na pima juu, kati na chini.

Watengenezaji wa pikipiki za Vincent waliliona tatizo hili mapema. Kwenye injini zilizobuniwa na Phil Vincent na Phil Irving kuanzia katikati ya miaka ya 1930, kila valvu ilipewa bushi mbili, moja juu na moja chini, na roka yenye ncha ya uma ikalishika shina katikati, kwenye bega lililochongwa. Nguvu ya pembeni ikagawanywa. Ni ubunifu wa gharama, na haukuenea, lakini kila nikiuona mchoro wake huwa naheshimu waliokataa kukubali ulikaji kuwa jambo la lazima.

Hili nalo ni dogo, lakini hudanganya mafundi kila siku. Ncha ya roka ikilika, hufanyika kishimo upana wa shina la valvu. Ukipitisha fila kupima nafasi, bamba lake hulala juu ya kingo za kishimo bila kuzama ndani. Unasoma 0.10, kumbe nafasi ya kweli ni kubwa kuliko hiyo. Utaweka tapeti mara kwa mara na kelele haitaisha. Dawa ni kuchongwa upya ncha ile na fundi mwenye mashine, au kubadilisha roka. Jiwe la mkono halifai, maana umbo la ncha ndilo linaloamua roka itelezeje.

Na hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko mengine yote humu: vipuri vya valvu hulika kwa jozi, na ulikaji wa sehemu moja huweza kuuficha ule wa nyingine. Kamu, tapeti na ncha ya roka vikilika, nafasi huongezeka. Kiti na uso wa valvu vikilika, valvu huzama ndani ya silinda hedi, shina lake hupanda juu, na nafasi hupungua. Mambo hayo mawili yakienda sambamba, fila itakuonyesha kipimo kilekile mwaka hadi mwaka huku injini ikimalizika. Kipimo kizuri cha fila peke yake si cheti cha afya.

Kwa hiyo kuna mpangilio wa kazi, nao haubadiliki. Bushi kwanza. Kiti cha pili. Valvu ya tatu. Springi baadaye, na nafasi mwisho kabisa. Sababu yake ni moja: kiti huchongwa kwa kufuata tundu la bushi. Kifaa cha kukatia kiti husimama kwenye fimbo inayopita ndani ya bushi, na bushi jipya haliketi kamwe mahali palepale pa lile la zamani. Anayechonga kiti kwanza kisha akabadilisha bushi amefanya kazi mara mbili na ameipunguzia silinda hedi chuma bure. Ukipeleka hedi kwenye karakana, uliza swali hili kabla ya kuiacha hapo: baada ya bushi mpya, mtachonga viti upya? Jibu likiwa hapana, ichukue.

Wajua kuwa silinda hedi ya aluminiamu huwekwa kwenye oveni kabla ya kutoa bushi? Aluminiamu hutanuka takribani mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 13 likipashwa nyuzi 150 juu ya joto la kawaida hupanuka kama milimita 0.045, na kwa kuwa bushi la chuma hupanuka kama nusu ya hapo tu, lililobana huachia. Bushi jipya, kwa upande wake, huwekwa kwenye friji lipoe na kusinyaa. Kabla ya kuligonga la zamani litoke, kwangua masizi yaliyogandia upande wa chini, ule unaoingia kwenye njia ya moshi. Yasipoondolewa yataburuzwa ndani ya tundu na kulikwaruza, na hapo bushi la kipimo cha kawaida halitabana tena. Ndiyo maana maduka ya vipuri vya pikipiki za Kiingereza huuza bushi zilizozidishwa unene kidogo wa nje: zipo kwa ajili ya matundu yaliyokwisha kuharibiwa.

Pasha hedi nzima kwa pamoja. Moto wa tochi unaochoma sehemu moja hupinda hedi.

Kusaga valvu kwa mkono ni kazi ninayoipenda. Kijiti chenye kikombe cha mpira hunata juu ya valvu, pesti hupakwa kidogo kwenye uso wake, na mikono huzungusha huku na huku, ikiinua na kugeuza mara kwa mara. Lakini pesti si ya kutengeneza kiti kilichoharibika. Kazi yake ni kumalizia tu, na kukuonyesha mahali valvu inapogusa. Unatafuta mkanda wa kijivu usiokatika, mwembamba, kuzunguka uso wote, kwa kawaida upana wa kama milimita moja na nusu, ukikaa karibu na katikati ya uso. Ukiona mkanda umekatika, ama kiti si duara ama valvu imepinda. Izungushe shina lake juu ya kioo uone kama kichwa kinayumba. Kusaga kupita kiasi huchimba mfereji kwenye uso wa valvu na kupanua kiti bila faida. Na ukingo wa kichwa cha valvu ukiwa mwembamba kama kisu, chini ya milimita 0.8 hivi, tupa. Ukingo mwembamba huwaka na kuwa chanzo cha moto usiohitajika ndani ya chumba cha mwako.

Ukimaliza, osha kila kitu hadi pesti yote iishe, maana punje zake zitaendelea kusaga ndani ya bushi. Kisha funga springi, geuza hedi ili njia za hewa na moshi zitazame juu, na mimina mafuta ya taa humo. Subiri. Yasipolowesha upande wa pili wa valvu, umefaulu.

Viti navyo vina historia yao. Wajua kuwa madini ya risasi yaliyotiwa kwenye petroli yalikuwa yakivilinda? Thomas Midgley na wenzake wa General Motors waligundua mwaka 1921 kwamba tetraethili ya risasi huzuia injini kugonga, na petroli hiyo ikaanza kuuzwa Dayton, Ohio, mwaka 1923. Mabaki ya risasi yalitanda kwenye viti na kuzuia valvu ya moto isigandane na kiti na kukinyofoa punje kwa punje. Viti laini vya chuma cha kusubu vikadumu kwa msaada huo. Lakini risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto, na kuiondoa ilikuwa haki. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na ilipoanza 2006 zilikuwa zimefanya hivyo, Kenya na Tanzania zikiwamo. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kuuza petroli hiyo kwa magari, ikaacha mwaka 2021.

Je, kila pikipiki ya zamani sasa inahitaji viti vigumu vipya? Hapana. Maoni yangu ni kuviacha vya asili mpaka vipimo vikuonyeshe valvu zinazama. Kuchimba kiti cha zamani na kubana kipya ni kazi inayoweza kupasua hedi isiyopatikana tena, na pikipiki inayotembezwa polepole mwisho wa wiki haichoki kama ile ya mjumbe wa kila siku. Weka tapeti, andika kipimo na tarehe. Ukiona nafasi ya ekzosi inapungua kila unapopima, hapo ndipo pa kutafuta fundi.

Springi mbili zilizopachikwa moja ndani ya nyingine husokotwa kwa mielekeo tofauti, ya ndani kushoto na ya nje kulia au kinyume chake. Unajua sababu? Zikisokotwa upande mmoja, pete za moja zingeweza kuingia katikati ya pete za nyingine. Na springi yenye pete zilizokaribiana upande mmoja hukaa na upande huo chini, kwenye hedi, ili sehemu nzito isirukeruke na valvu. Springi haikatiki tu. Huchoka na kufupika. Ipime urefu ikiwa huru, ulinganishe na kitabu cha pikipiki yako. Iliyofupika haitairudisha valvu kwa wakati kasi ikipanda, na pistoni inayopanda haitaisubiri.

Norton Manx ya mashindano ilikuwa na springi zenye umbo la kibanio cha nywele, zikikaa wazi nje, mbali na joto. Ducati walikwenda mbali zaidi. Fabio Taglioni aliunda injini ambayo valvu husukumwa ifunguke na roka moja na kuvutwa ifunge na roka nyingine, bila kutegemea springi, na pikipiki yake ya sentimita 125 ikashinda Grand Prix ya Sweden mwaka 1956 mara ya kwanza iliposhiriki. Kwenye pikipiki za barabarani mfumo huo uliingia mwaka 1968. Honda wao walishikilia springi, wakapunguza uzito wa valvu: injini yao ya silinda sita ya 1966, ya sentimita 250, ilikuwa na valvu 24 ndogondogo na ilizunguka hadi kama mara 18,000 kwa dakika. Kila valvu ilifunguka mara 150 kwa sekunde moja.

Kamshafti mpya juu ya tapeti za zamani? Usifanye. Nyuso mbili zilizolika pamoja zina umbo linalofanana kwao tu. Tapeti kongwe italichuna kamu jipya ndani ya saa chache, na unga wa chuma utaingia kwenye oili na kutembea hadi kwenye beringi. Hii ndiyo sababu, unapofungua, kila pushirodi, roka na tapeti iwekewe alama na irudi ilikotoka. Kwenye Triumph, tapeti za ekzosi zilisifika kwa kulika kwa kukosa oili ya kutosha, na katikati ya miaka ya 1960 kiwanda chake cha Meriden kiliongeza njia ya kuzipelekea oili kwa presha. Jambo lingine: oili nyingi za kisasa za magari zimepunguzwa kiambato cha zinki na fosforasi kinacholinda kamu, kwa kuwa fosforasi huharibu vichujio vya moshi. Soma lebo, na siku ya kufunga paka kamu na tapeti mafuta mazito ya kufungia injini. Dakika zake za kwanza ndizo za hatari kubwa kuliko zote.

Gasketi ya shaba kwenye hedi ya Triumph hutumika tena. Ipashe moto hadi iwe nyekundu, ipoze, itakuwa laini upya. Chuma chenye kaboni ya kutosha ukikizamisha majini kikiwa chekundu hivyo huwa kigumu. Shaba hulainika hata ikipozwa kwa maji.

Ukishafunga hedi, weka tapeti kwa njia hii: kwa kuwa pistoni mbili za Triumph hupanda na kushuka pamoja lakini hulipuka kwa zamu, zungusha injini mpaka valvu moja ya kuingiza ifunguke kabisa, kisha upime ile nyingine ya kuingiza. Geuza, fanya kinyume. Ekzosi vivyo hivyo. Tembea kidogo, acha injini ipoe usiku mzima, kaza bolti za hedi tena kwa mpangilio wake, halafu pima nafasi upya. Gasketi ikibanwa, hedi hushuka na nafasi hupungua. Wengi huikaza hedi mara ya pili na kusahau kupima, na hapo ndipo valvu mpya huungua.

Wajua kuwa Kawasaki Z1 ya 1972 haina skrubu ya kuweka tapeti? Hutumia visahani vya chuma vya unene unaopishana kwa milimita 0.05, na nafasi hurekebishwa kwa kubadilisha kisahani. Na BMW za silinda zilizotokeza pembeni ndizo rahisi kuliko zote: vifuniko vya valvu viko karibu na miguu ya dereva, na kazi huisha chai ikiwa bado moto.

Mwisho, mtaani kwetu. Honda CG125 ilitoka mwaka 1976 ikiwa imebuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo na hukosa huduma. Honda walikuwa tayari na injini zenye kamshafti juu na mnyororo wa taimingi, lakini kwa pikipiki hii wakarudi kwenye pushirodi, kamu ikizungushwa na gia. Kuna kamu moja tu inayoinua tapeti zote mbili. Nafasi ya valvu zake ni milimita 0.08, kuingiza na ekzosi. Viwanda vya China vilinakili injini hiyo kwa wingi, na nakala zake zimebeba abiria wa bodaboda kuanzia Mwanza hadi Kisumu na Kampala. Fundi anayeijua CG, mwenye fila safi na subira, anaielewa injini ya Bonneville kuliko anavyodhani. Vipuri vya CG atavipata Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala. Vya Bonneville ataagiza Uingereza, lakini mikono ni ileile.

Na wewe uliye na pikipiki ya mzee iliyolala stoo miaka mingi, usiipige kiki leo. Petroli iliyokauka hugeuka gundi na kulishika shina la valvu ndani ya bushi. Ukiizungusha kwa nguvu, pushirodi hupinda au valvu hukutana na pistoni. Toa plagi, fungua vifuniko vya roka, tia oili nyepesi kwenye mashina, iache usiku mmoja, kisha zungusha kwa mkono polepole na uangalie kila valvu inashuka na kurudi. Moja isiporudi, simama hapo hapo na ufungue hedi.